Mvua imekatika, lakini nguzo ya mgodi bado inakunywa maji

Mvua kubwa zikishakatika, mashimo ya vito huku Taita Taveta huanza tena kuchangamka. Pampu zinanguruma, maji yanamwagwa nje, vijana wanashuka. Kila mtu anashukuru kwamba kazi imerudi. Mimi huo ndio wakati unaonitia hofu kuliko siku yenyewe ya mvua, na makala haya ni ya kueleza kwa nini.

Anayetoka Mombasa kwa barabara, akishapita Mariakani, Mackinnon Road na Maungu, huona nchi ikibadilika. Minazi inakwisha, udongo unakuwa mwekundu, vichaka vya miiba vinatanda pande zote. Akifika Voi ameshaamini kwamba shida ya huku ni kukosa maji, si kuzidiwa na maji. Kwa hivyo ukimwambia mchimbaji wa Mkuki, Kamtonga au Kasigau kwamba maji yanaweza kuvunja nguzo inayobeba paa la mgodi wake, atakucheka. "Maji yapi, kaka? Hata ya kuoga twanunua."

Kicheko hicho ndicho kinachonifanya niandike. Nchi kavu si kinga. Kwa namna fulani, ukavu wenyewe ni sehemu ya hatari.

Nguzo ni nini, na imebeba nini

Wengi wetu wa Pwani tunavijua vito vya Taita Taveta vikiwa vimeshasuguliwa na kuwekwa kwenye pete. Tunajua kuna rubi ya Mangare, na kuna lile jiwe la kijani la tsavoraiti, lililopewa jina la Tsavo mwaka 1974 baada ya mwanajiolojia Campbell Bridges kuligundua, kwanza Tanzania na kisha upande wetu. Tusichokijua sana ni jinsi linavyotolewa.

Kito hakikai kama viazi shambani, kila hatua kimoja. Hufuata mkanda wa mwamba, na mkanda huo huinama, hupinda, hunenepa na hukonda. Mchimbaji naye huufuata na kuacha uwazi nyuma yake. Katika huo uwazi huachwa sehemu za mwamba zisizochimbwa, zikisimama kati ya sakafu na paa. Hizo ndizo nguzo. Katika migodi mikubwa hupangwa na mhandisi kwa vipimo. Katika mashimo ya wachimbaji wadogo, mara nyingi nguzo ni pale palipokosa kito, au pale mzee mwenye uzoefu aliposema, "Hapa msiguse."

Tupige hesabu ndogo. Mwamba wa kawaida huwa na uzito wa karibu tani 2.7 kwa kila mita moja ya ujazo. Ukiwa chini mita 40, kila mita moja ya mraba ya paa imebeba tani 108. Sasa tuseme umeshachimba robo tatu ya mwamba na kuacha robo moja tu isimame. Uzito wote uliokuwa umetandazwa juu ya robo nne umehamia kwenye hiyo robo moja. Kila mita ya mraba ya nguzo inabeba tani 432.

Ni kama jeneza. Wakilibeba watu wanane, kila mmoja anatembea bila taabu. Wakitoka wanne, waliobaki wanaanza kuhema. Akiteleza mmoja katika hao, wenzake hawana muda wa kujipanga. Mzigo wake unawaangukia papo hapo.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Coalbrook, mgodi wa makaa ya mawe huko Afrika Kusini. Tarehe 21 Januari 1960 nguzo zilivunjika moja baada ya nyingine, na zaidi ya wachimbaji 430 walifukiwa. Maji hayakuwa chanzo. Nguzo zilikuwa zimeongezwa urefu kwa kuchimba makaa ya juu yake, zikazidiwa. Lakini kuna jambo moja la kukumbuka. Mwishoni mwa Desemba 1959, wiki chache kabla, sehemu ya mgodi huo huo ilikuwa imeshaporomoka. Onyo lilitolewa, kazi ikaendelea.

Msiba huo ulizaa utafiti. Mwaka 1967 wataalamu Salamon na Munro walilinganisha maeneo 98 ambayo nguzo zake zilisimama na 27 ambayo zilianguka, wakapata kanuni ya kukadiria nguvu ya nguzo ya makaa. Kwa kanuni hiyo, ukiongeza urefu wa nguzo mara mbili bila kuongeza upana, unapoteza zaidi ya theluthi ya nguvu yake. Miamba ya Taita si makaa, na tarakimu zake si hizo hizo, lakini funzo ni lile lile: nguzo nyembamba na ndefu ni dhaifu kuliko fupi na nene. Kwa hiyo kijana anayebandua kipande leo na kipande kesho kwa sababu ameona chembe ya kijani ndani ya nguzo, anafanya kile wazee walichosema: bandu bandu huisha gogo.

Maji humfanya nini mwamba

Hadi hapa nimeisema nguzo iliyo kavu. Sasa tumwagie maji.

Mwamba tunauona kuwa kitu kigumu kisicho na tundu. Ukitazamwa kwa karibu una vinyweleo na nyufa ndogo ndogo, na maji huingia humo. Yakishaingia hufanya kazi nne.

Kwanza, hudhoofisha mshikamano kwenye ncha ya kila ufa. Ufa uliokuwa umetulia huweza kuendelea kutambaa polepole chini ya mzigo ule ule ambao jana ulivumilika.

Pili, hulainisha. Tsavoraiti yetu hukaa katika miamba yenye grafaiti, ile ile nyeusi iliyo ndani ya penseli. Isugue kidoleni uone inavyoteleza hata ikiwa kavu. Katika miamba hiyo mna pia tabaka za ulanga, na palipochakaa mna udongo wa mfinyanzi. Udongo huo ukilowa huvimba na kuwa kama sabuni kati ya tabaka mbili. Nguzo yenye tabaka za namna hii zilizolala mshazari inaweza kukatika kwa kuteleza, si kwa kusagika.

Tatu, maji husukuma. Maji yenye kimo cha mita 10 hukandamiza kwa nguvu ya tani 10 kwa kila mita ya mraba. Yakijaa katika ufa nyuma ya nguzo au juu ya paa, husukuma pande mbili za ufa zitengane, na msuguano uliokuwa ukizishika hupungua.

Nne, maji hula. Miamba ya grafaiti mara nyingi huwa na pairiti, madini yenye chuma na salfa. Yakikutana na maji na hewa huoza na kutoa asidi. Ukiona michirizi ya rangi ya kutu au manjano kwenye ukuta wa mgodi, ujue kazi hiyo imeanza. Palipo na marumaru, asidi hiyo huimumunya kidogo kidogo.

Hasara ni kiasi gani? Watafiti Colback na Wiid walipima miamba ya Afrika Kusini mwaka 1965, wakakuta iliyolowa kabisa ilibaki na karibu nusu tu ya nguvu iliyokuwa nayo ilipokuwa kavu. Huko Uingereza, Hawkins na McConnell walipima aina 35 za mawe ya mchanga na kuchapisha matokeo mwaka 1992. Lililovumilia zaidi lilipoteza asilimia 8 tu ya nguvu, na lililoathirika zaidi lilipoteza asilimia 78. Tofauti hiyo kubwa ina maana yake: huwezi kuchukua tarakimu ya mwamba wa mwenzako ukaifanya yako. Kila mwamba unapimwa wenyewe.

Jambo la pili walilolionyesha ni la kuogopwa zaidi. Sehemu kubwa ya nguvu hupotea mapema, unyevu unapoingia kidogo tu. Mwamba hauhitaji kulowa chepechepe ndipo udhoofike. Nguzo inaweza kuonekana kavu machoni na huku imeshapoteza nguvu.

Unyevu wa hewa, kama chumvi koponi

Hapo ndipo inapoingia hewa. Sisi watu wa Pwani hatuhitaji darasa katika hili. Chumvi ikiachwa wazi jikoni msimu wa mvua hulowa bila mtu kuimwagia maji. Soda ya baridi hutoka jasho mezani. Nyumba za mawe za Mji wa Kale zinatuonyesha kila mwaka jinsi ukuta unavyonyonya unyevu, chokaa ikavimba, kisha ikabanduka yenyewe.

Mgodini ni vivyo hivyo. Msimu wa mvua, hewa yenye unyevu mwingi huingia kwa mlango au kwa feni. Ikikutana na mwamba uliopoa kuliko nje, unyevu wake hukaribia kujaa, na mahali pengine hugeuka matone. Juu ya hayo kuna jasho na pumzi za watu, na maji ya kuchorongea. Kama hewa haizunguki, unyevu huo hauna pa kwenda ila ndani ya mwamba. Katika migodi ya makaa ya Marekani yenye paa la mwamba wa tope, jambo hili linajulikana miaka mingi: mapaa huporomoka zaidi majira ya joto, hewa ya nje inapokuwa na unyevu mwingi.

Kisha huja kiangazi. Hewa kavu ya Voi ya Januari na Februari huunyonya ule unyevu. Mwamba uliovimba unasinyaa. Masika inarudi, unavimba tena. Vuli inarudi, vile vile. Huku kuvimba na kusinyaa ndiko kunakobandua magamba kwenye ubavu wa nguzo. Kila gamba linaloanguka linapunguza upana, mpaka nguzo inakuwa na kiuno chembamba katikati. Ndiyo maana nilisema ukavu ni sehemu ya hatari: mwamba unaolowa na kukauka mara kwa mara huchoka upesi kuliko ulio katika hali moja mwaka mzima.

Maji ya chini yana saa yake

Mtu wa Mombasa akitaka kuelewa maji ya chini ya ardhi, afikirie chemchemi ya Mzima, ambayo bomba lake limetuletea maji tangu miaka ya 1950. Chemchemi hiyo imo ndani ya kaunti hii hii ya Taita Taveta. Lakini maji yake hayakunyesha pale. Yalinyesha juu ya milima ya Chyulu, yakazama katika miamba ya volkeno, yakasafiri chini kwa chini, na kuibuka mbali kabisa na yalipoangukia.

Mwamba wa mgodini si wa volkeno, na safari ni fupi zaidi. Lakini kanuni ni moja: mvua ya leo haifiki kwenye nguzo leo. Hupita kwenye udongo, hutafuta nyufa, hujikusanya. Juu mbingu zimeshakuwa buluu, vumbi limerudi barabarani, na chini nguzo ndiyo kwanza inakunywa.

Sasa rudi kwenye pampu nilizoanza nazo. Shimo likijaa maji, maji yale hukandamiza kuta na nguzo kutoka nje, na kwa kiasi fulani huzishikilia. Ukiyavuta yote kwa siku moja, umeondoa mkono uliokuwa ukishikilia, na maji yaliyo ndani ya nyufa bado hayajatoka. Nguzo imelowa, imesukumwa kutoka ndani, na haina tegemeo nje. Wakati huo ndio vijana wanashuka, wakiwa na hamu ya kufidia siku zilizopotea. Mgodi hupaswa kukaushwa polepole, ukuta uachwe utoe maji yake, kisha ukaguliwe kabla ya mtu kurudi kazini. Na pampu ya petroli isiwashwe ndani ya handaki hata kidogo. Moshi wake huua kimya kimya kabla hata mwamba haujasema neno.

Jirani zetu wameyaonja haya. Aprili 1998, wakati wa mvua za El Niño, maji yalifurika katika migodi ya tanzanaiti ya Mererani, kaskazini mwa Tanzania, yakaua wachimbaji kwa makumi. Machi 2008 msiba wa namna hiyo ukarudi pale pale. Januari 2024, huko Simiyu, watu 22 walifukiwa na kifusi katika mgodi wa Ng'alita, wakichimba sehemu iliyokuwa imezuiwa kwa sababu ya mvua zilizokuwa zikiendelea. Misiba hii haifanani: mingine ni mafuriko, mwingine ni kuporomoka kwa ardhi. Kinachoiunganisha ni maji, na watu waliokuwa ndani wakati ambapo hawakupaswa kuwamo.

Daftari la nguzo

Je, mchimbaji mdogo afanye nini? Migodi mikubwa ina vifaa vya umeme vinavyotuma vipimo juu saa ishirini na nne. Vifaa hivyo vizuri, na bei yake inashuka mwaka hadi mwaka. Lakini kazi inaweza kuanza bila hivyo. Vipimo vitano vinatosha kwa mwanzo, na vyote vinaingia katika daftari moja.

Cha kwanza ni mvua. Kopo lenye kuta zilizonyooka na rula ya milimita, likiwekwa uwanjani mbali na mti na paa, linatosha. Lisomwe kila asubuhi saa ile ile.

Cha pili ni kimo cha maji ya chini. Tumieni shimo la zamani lililo karibu, au bomba jembamba lililotobolewa upande wa chini na kuteremshwa katika tundu la kuchorongwa. Wataalamu huita bomba hilo piezomita. Kamba yenye uzito na alama za kila nusu mita itakuambia maji yapo wapi. Kama kimo kinapanda wiki nzima baada ya mvua kukatika, mwamba unakujulisha kwamba bado unakunywa. Msisahau mashimo ya jirani yaliyoachwa. Yakijaa, ukuta mwembamba ulio kati yenu umekuwa boma la bwawa.

Cha tatu ni unyevu wa hewa. Chukua vipimajoto viwili, kimoja kifungwe kitambaa chenye maji kwenye ncha. Hewa ikiwa kavu, kile chenye kitambaa kitashuka sana. Hewa ikijaa unyevu, viwili hivyo vitakaribia kulingana. Pima nje, kisha pima ndani karibu na nguzo. Tofauti ikiwa ndogo siku baada ya siku, ujue hewa haiukaushi tena mwamba.

Cha nne ni unyevu wa mwamba wenyewe. Okota kipande kilichobanduka karibuni kwenye nguzo, kifunge kwenye mfuko wa plastiki kisikauke njiani, kipime uzito, kikaushwe katika tanuri ya nyuzi 105 kwa saa 24, kisha kipimwe tena. Tuseme kilikuwa gramu 512 na kikawa 500. Gramu 12 zilizopotea ni maji, sawa na asilimia 2.4. Kazi hii inahitaji maabara ndogo, na maabara hazipo mbali, kama nitakavyoeleza.

Cha tano, na ndicho mfalme wa vyote, ni mwendo. Piga msumari mkubwa wa chuma kwenye paa na mwingine sakafuni, mkabala, karibu na kila nguzo inayotiliwa shaka. Pima nafasi kati yake kila siku kwa kifaa kile kile na mtu yule yule. Palipo na ufa, bandika kipande cha kioo chembamba kwa plasta, upande huu na ule wa ufa, na uandike tarehe juu yake. Ufa ukisogea, kioo kinapasuka. Kabla ya zamu, gonga paa na ubavu wa nguzo kwa mtaimbo. Mwamba mzima hulia kwa sauti kali. Uliobanduka ndani hulia kama ngoma.

Sasa jinsi ya kusoma daftari. Kipimo cha siku moja hakisemi mengi. Tuseme nafasi kati ya paa na sakafu imepungua milimita moja kwa wiki, wiki nne mfululizo. Hiyo ni habari ya kufuatilia. Lakini ikipungua milimita moja wiki ya kwanza, mbili wiki ya pili, nne wiki ya tatu, hiyo si habari tena. Mwendo unaongezeka kasi, na watu watoke. Kinachoua si ukubwa wa tarakimu peke yake, ni kasi yake kukua.

Halafu linganisha kurasa. Weka tarehe za mvua kando ya tarehe za mwendo. Baada ya misimu miwili mitatu, kila mgodi utajua tabia yake: kwamba mvua kubwa ikinyesha, maji hufika kwenye nguzo fulani baada ya siku kadhaa, na nguzo hutulia baada ya wiki kadhaa. Hiyo ndiyo elimu ambayo hakuna mtaalamu wa mbali anayeweza kuwapa. Iko ndani ya mlima wenu, na mnaipata kwa kuandika tu.

Na jambo la mwisho kuhusu daftari: sharti liwe na nguvu ya kufunga mgodi. Wakubaliane mapema, kabla ya mvua, wakiwa wametulia na hakuna kito kilichoonekana: kioo kikipasuka, hakuna anayeshuka, mwendo ukiongezeka kasi, hakuna anayeshuka, maji yakiwa bado yanapanda, hakuna anayeshuka. Uamuzi huo ukiachwa hadi asubuhi yenyewe, mbele ya mkanda wa kijani unaong'aa, njaa ndiyo itakayoamua.

Jukumu ni la nani

Nasikia swali: nani ana muda wa kupima chumvi na kitambaa, na watoto wanasubiri karo? Swali ni la haki. Mchimbaji mdogo hana mshahara. Siku asiyoshuka ni siku asiyokula. Kumwambia asishuke bila kumpa njia ni maneno matupu.

Kwa hivyo mzigo huu usiwe wake peke yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 14, inamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa iliyo karibu, na inamkataza mwenye mahali pa kazi kumrudisha mtu penye hatari hiyo mpaka hatua zichukuliwe. Mwenye mgodi anayewashusha vijana siku moja baada ya kuvuta maji akumbuke hilo. Sheria ya Madini ya 2016 nayo imewatambua wachimbaji wadogo na kuweka kamati zao katika kaunti. Sheria hiyo hiyo inagawa mrabaha wa madini: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii. Vipimajoto, vioo, tepu na mabomba kwa vikundi vyote vya wachimbaji ni tone katika fungu hilo.

Tena tunao wataalamu nyumbani. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kinafundisha uhandisi wa migodi, na kina kituo cha mambo ya madini na mazingira kilichoanzishwa kwa ushirikiano na vyuo vya Dresden na Freiberg huko Ujerumani. Freiberg wamekuwa wakifundisha uchimbaji tangu karne ya 18. Kila mwaka wanafunzi wanatafuta mahali pa kufanyia utafiti. Kila kikundi cha wachimbaji kingeweza kuwa na mwanafunzi mmoja anayekausha vipande vya mwamba na kuchora grafu za daftari. Mwanafunzi atapata shahada, na mchimbaji atarudi nyumbani.

Voi tumejengewa kituo cha kuongezea vito thamani, ili jiwe lisiondoke likiwa ghafi. Ni jambo jema. Lakini thamani ya jiwe inaanzia kule chini, kwenye mkono wa aliyelitoa. Haipendezi jiwe likawa na mizani ya kisasa ya kulipima, na nguzo iliyo juu ya kichwa cha mchimbaji ikakosa hata msumari.

Watu wetu ni watu wa tawakali, na tawakali ni nguzo ya imani. Lakini sote tumesikia kisa cha bedui aliyemwacha ngamia wake bila kumfunga akidai amemtegemea Mola, na Mtume (SAW) akamwelekeza amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Ajali ya mgodi ikitokea twasema ni kudra, na kudra ipo. Lakini kabla ya kuisema, tujiulize kama tulimfunga ngamia.

Mvua nyingine zitakuja, inshallah, na tunaziomba, maana mashamba na mifugo vinazihitaji. Kwa wale wanaoshuka chini ombi langu ni dogo: daftari moja, kopo moja la mvua, misumari miwili kwa kila nguzo, na makubaliano yaliyoandikwa ukurasa wa kwanza na kutiwa sahihi na wote, mwenye mgodi akiwa wa kwanza. Yote hayo yanaweza kuwa tayari kabla ya wingu la kwanza kuonekana juu ya Kasigau.